Kipi kiko mkononi mwako kweli na kipi unadhani tu: mwongozo kamili wa kujipima mwenyewe

Nenda steji yoyote hapa Kisumu, Kondele ama Nyamasaria, kaa na watu wa boda dakika kumi utaskia maneno ya aina mbili. Mmoja atakwambia ile gemu ya ndege kwa simu, ile unaweka pesa, ndege inapaa ikizidisha dau na unatoka kabla haijaanguka, ameshaisoma, anajua venye inaenda, leo usiku akitulia lazima itoe. Mwingine atakwambia yeye hata afanye nini haitoki, ilishaamuliwa. Na mara nyingi ni mtu yule yule, asubuhi anasema ya kwanza na jioni ya pili. Mimi naona hawa wote wana shida moja, wameamini hisia ya ndani, ile inakwambia "hapa mimi ndio naendesha" ama "hapa siendeshi kitu", na hiyo hisia haijawahi pimwa. Inaweza kupanda juu kabisa mahali huna uwezo wowote, na ikalala chini mahali karibu kila kitu kinategemea wewe. Kwa hivyo tutaipima, hatua kwa hatua, kwa vitu ambavyo kila mtu anaweza kupata: daftari ndogo, kalamu, sarafu moja ya kumi, na subira ya wiki tatu ama nne.

Hatua ya 1: Andika kitendo upande mmoja, matokeo upande wa pili

Jambo moja tu. Usiandike "maisha yangu" wala "biashara iende vizuri", hizo hazipimiki. Kitendo kiwe kitu ambacho mtu mwingine akisimama hapo anakuona ukikifanya, na matokeo yawe kitu cha kuhesabu ama cha kujibu ndio au hapana. Tuchukue mama anauza samaki wa kukaanga soko la Kibuye hapa Kisumu. Kitendo: kuweka picha ya samaki kwa status ya WhatsApp kabla ya saa tatu asubuhi. Matokeo: beseni kuisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Hapo tuko sawa. Ama mwanafunzi wa fomu tatu huko Kaptembwo, Nakuru: kitendo ni kufanya maswali kumi ya hesabu bila kuchungulia majibu, matokeo ni alama za mtihani mdogo wa Ijumaa. "Kusoma kwa bidii" sio kitendo, juu mtu anaweza kukaa na kitabu usiku mzima macho yanapita tu juu ya maandishi, na akifeli anaamua bidii haisaidii, wakati bidii yenyewe haikuwa imefafanuliwa popote.

Hatua hii watu huiruka, na ukiiruka hakuna kitu kitaeleweka huko mbele.

Hatua ya 2: Siku tatu, sikiliza mdomo wako

Kabla ya kupima jua kwanza unaegemea wapi. Mwaka wa 1966 mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Julian Rotter alitoa kipimo cha maswali 29, kila swali lina sentensi mbili unachagua moja, na 6 kati ya hayo yaliwekwa tu ili mtu asishtukie kinachotafutwa. Alichokuwa anatafuta ni kama mtu kwa jumla anaamini mambo yake yanatoka kwake mwenyewe ama yanatoka nje. Miaka michache baadaye Hanna Levenson akaonyesha kwamba "nje" sio kitu kimoja, kuna watu wenye nguvu na kuna bahati, na lazima uzitenganishe. Ukiishi huku utakubaliana naye haraka sana. Anayesema "hiyo kazi ilikuwa na wenyewe" hajasema kitu kimoja na anayesema "mimi sina bahati". Wa kwanza anaweza kuwa sahihi kabisa na bado akapanga njia nyingine, kwa sababu mtu mwenye nguvu ana jina, ana ofisi, ana tabia unayoweza kuisoma. Wa pili hana pa kuanzia.

Kwa hivyo kwa siku tatu kila ukijiskia ukieleza kwa nini kitu kimetokea, weka herufi moja kwa daftari. M kama umesema ni mimi, W kama ni wakubwa, B kama ni bahati. Ukisema "nimerogwa" ama "kuna jicho la mtu" weka W pia, juu hapo bado unasema kuna mtu amekushika. Usijibishane na wewe mwenyewe, andika tu.

Sasa, "Mungu akipenda" inawekwa wapi? Nimeona watu wakichukulia hii sentensi kama dalili ya kukata tamaa na mimi sikubali hata kidogo. Angalia mtu aliisema kabla ya kufanya kitu ama baada. Mkulima wa Bungoma amelima shamba Februari, mbegu iko ndani, mbolea ya kupandia iko ndani, anaangalia mawingu anasema Mungu akipenda, huyo amefanya sehemu yake yote na anajua vizuri kwamba mvua sio yake. Jirani yake anaisema Aprili na shamba bado ni nyasi. Maneno ni yale yale lakini kwa daftari usiyaweke pamoja.

Hatua ya 3: Vyumba vinne

Hapa ndipo kazi yenyewe iko, usiende mbio.

Mwaka wa 1965 watafiti wawili, Herbert Jenkins na William Ward, waliwapa watu vibonyezo na taa ya matokeo, halafu wakawauliza wanadhani wana uwezo kiasi gani juu ya ile taa. Watu hawakuangalia uhusiano wa kweli. Waliangalia ni mara ngapi walifanya kitu na kikatokea walichotaka. Yaani hesabu ya "nilifanya, ikatokea", basi. Na sisi tunafanya hivyo kila siku.

Chora msalaba kwa ukurasa upate vyumba vinne. Cha kwanza: nilifanya, ikatokea. Cha pili: nilifanya, haikutokea. Cha tatu: sikufanya, ikatokea. Cha nne: sikufanya, haikutokea. Kila siku unaweka kijiti kimoja kwa chumba kimoja.

Turudi kwa mama wa Kibuye, na hizi namba ni za mfano tu. Siku 10 aliweka picha, na beseni liliisha mapema siku 7. Siku 10 hakuweka, na liliisha siku 3. Gawanya: saba kwa kumi kutoa tatu kwa kumi, inabaki nne kwa kumi. Hiyo ndio nguvu ya picha, na ni kubwa, aendelee nayo.

Lakini huyu mama ana imani nyingine pia, kama wafanyabiashara wengi sokoni, kwamba mteja wa kwanza ndio anafungua siku, akianza na mtu wa kulipa taslimu bila kubishana bei siku inaenda vizuri. Anahesabu. Siku 12 alifunguliwa vizuri, beseni likaisha mapema siku 6. Siku 8 alifunguliwa vibaya, likaisha siku 4. Sita kwa kumi na mbili ni nusu, nne kwa nane pia ni nusu, tofauti ni sifuri. Ila ukimuuliza bila daftari atakwambia ni kweli kabisa na atakutajia zile siku sita moja moja, na hadanganyi, zilikuwepo. Shida ni zile nne za chumba cha tatu, siku alifunguliwa vibaya na bado akauza, hizo hakuna mtu hukumbuka kwa sababu hakuna hadithi ndani yake. Hiki chumba cha tatu ndicho kinatuangusha wengi, matokeo mazuri yalikuja bila sisi na hatukuyaandika popote.

Na chumba cha pili ndicho kinadanganya wale wa upande mwingine. Mtu aliyekufa moyo anakumbuka tu siku alifanya na haikutokea. Ana ushahidi pia, hajauzua, ila ni robo ya ukurasa.

Hatua ya 4: Sarafu iamue

Kuna mtego. Kibuye inajaa zaidi Jumapili, si ndio? Sasa kama huyu mama anakumbuka kuweka picha Jumapili kwa sababu siku hiyo samaki wake ni wengi na wanapendeza, basi beseni litaisha kwa sababu ya Jumapili yenyewe na picha itapewa sifa ambazo sio zake. Vivyo hivyo mwanafunzi anayefanya maswali kumi siku anajiskia mzima tu, hawezi jua ni maswali ama ni uzima.

Dawa yake ni rahisi mpaka watu wanaidharau. Asubuhi rusha sarafu. Chukua ile kumi mpya ya simba, ikilala simba juu leo unafanya, ikilala upande ule mwingine leo haufanyi. Ukisharusha usibishane nayo. Sarafu haijui leo ni Jumapili wala haijui uliamka vipi, kwa hivyo hizo mambo zinagawanyika zenyewe pande zote mbili ukienda siku za kutosha. Chini ya siku ishirini mimi singeamini sana, tofauti ndogo inaweza kuwa ni mchezo wa bahati tu.

Tafadhali usirushe sarafu kwa dawa za daktari, kwa helmeti, kwa chakula cha mtoto, kwa kitu chochote ambacho siku moja bila hicho inaweza kuumiza mtu. Hizo zilishapimwa na watu wengine, wewe fuata tu.

Hatua ya 5: Jiulize, jibu linarudi baada ya muda gani?

Mwaka wa 2002 huko London, Patrick Haggard na wenzake walikalisha watu mbele ya saa yenye mshale unaokimbia, mtu anabonyeza kitufe akitaka, na robo sekunde baadaye inalia sauti. Wakiulizwa ulibonyeza saa ngapi na sauti ililia saa ngapi, watu walisogeza hizi mbili karibu kuliko zilivyokuwa, kubonyeza wanaona kumechelewa kidogo na sauti wanaiona imewahi. Kidole kikirushwa na mashine, bila mtu mwenyewe kutaka, huo mvuto unapotea. Na sauti ikicheleweshwa zaidi, mvuto unapungua. Kwa maneno mengine, ndani kabisa ya kichwa kile kinachotufanya tuhisi "mimi ndio nimefanya hii" kinapenda majibu ya haraka.

Weka hiyo mahali pako. Gemu ya ndege inajibu kwa sekunde. Unagusa, inakujibu, unagusa, inakujibu, na mwili mzima unaamini uko ndani ya hiyo kitu. Mahindi huku juu Kitale inachukua miezi sita ama zaidi, na KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, ni miaka minne. Kwa hivyo kijana anahisi ana mkono kwa ndege, mahali hana, na hahisi mkono wowote kwa shamba la mzee wake, mahali anao. Sidhani ni uvivu vile wazee husema. Shamba linajibu polepole mpaka hisia haishiki, ndio maana kuambiana tu "jitume" hakusaidii.

Cha kufanya ni kukata ile safari ndefu uweke majibu ya karibu. Kwa mahindi: wiki mbili baada ya kupanda hesabu mashimo mangapi yameota kwa mstari mmoja, andika. Yakifika magoti weka mbolea ya pili, ile CAN, lakini acha mistari miwili bila, alafu uangalie rangi ya majani baada ya siku kumi. Pita asubuhi uchungulie ndani ya moyo wa mahindi, miche mingapi kwa ishirini ina kiwavi, ukifanya kitu hesabu tena baada ya siku tatu. Hawa viwavijeshi vamizi wameonekana Kenya kuanzia 2017 na ukiwangoja mpaka jani limetoboka lote umechelewa. Kila moja ya hizi inakujibu ndani ya siku, sio miezi, na ile mistari miwili uliyoacha ndio chumba chako cha tatu na cha nne. Unaona venye inaungana?

Hatua ya 6: Kama jambo lako ni kubeti

Nimelipatia nafasi yake kwa sababu naliona likimaliza watu hapa, vijana wazuri, wenye akili, na huwa hawamalizwi na ujinga.

Ellen Langer mwaka wa 1975 alionyesha kitu kinaitwa udanganyifu wa uwezo. Wafanyakazi wa ofisi waliuziwa tiketi za bahati nasibu za dola moja, wengine walichagua tiketi wenyewe, wengine walipewa tu. Baadaye wakaulizwa wangeuza tiketi yao kwa bei gani. Waliopewa walitaka wastani wa dola 1.96. Waliochagua wenyewe, dola 8.67. Tiketi ni zile zile, nafasi ya kushinda ni ile ile, mkono tu umegusa. Na kabla yake, 1967, James Henslin aliandika kuhusu madereva wa teksi wa St. Louis wakicheza dadu, wakitaka namba ndogo wanarusha polepole, wakitaka kubwa wanarusha kwa nguvu. Watu wa steji kama sisi tu.

Kinachowasha huo udanganyifu ni kuchagua mwenyewe, kuzoea, kushindana na wengine, na kujihusisha mwenyewe. Kubeti mpira ina zote nne. Wewe ndio unachagua timu, unajua nani ameumia, unajua kocha. Huo ujuzi ni wa kweli, sikatai, ila bei uliyopewa, yaani odds, tayari ina huo ujuzi ndani yake pamoja na faida ya mwenye mchezo. Na hesabu ya mkeka mrefu, ile tiketi moja ya mechi nyingi ambazo zote lazima zitoke, fanya mara moja tu kwa daftari: mechi kumi, kila moja una uhakika wa asilimia 70, zidisha 0.7 kwa 0.7 kwa 0.7 hivyo hivyo mpaka ziwe kumi, unapata kama 0.028, chini ya mara tatu kwa mia. Kwa hivyo ule mkeka unaochomwa na timu moja haumaanishi ulikuwa karibu. Ndivyo mikeka huenda.

Kwa ndege kitufe kinaamua wewe unatoka saa ngapi, hakiamui ndege inaanguka saa ngapi. Chora vyumba vinne kwa hiyo pia, bila pesa, angalia tu raundi hamsini wengine wakicheza. Kabla ya kila raundi andika utabiri wako, itapita mara mbili ya dau ama haitapita. Mwisho linganisha: ulivyosema itapita ilipita mara ngapi kwa ngapi, na ulivyosema haitapita ilipita mara ngapi kwa ngapi. Omera, fanya hii kabla hujanibishia.

Hatua ya 7: Kama umefika mahali hutaki kujaribu tena

Steven Maier na Martin Seligman mwaka wa 1967 walifanya majaribio na mbwa, ya kuumiza, mimi kuyasoma hunikera. Mbwa wengine wangeweza kuzima umeme kwa kusukuma kibao na kichwa, wengine hawangeweza chochote. Kesho yake wote wakawekwa kwa sanduku ambalo ukiruka kizuizi kifupi umetoka, na wengi wa kundi la pili hawakuruka, walilala tu. Ikasemwa wamejifunza kutojiweza. Lakini mwaka wa 2016 hao hao wawili, baada ya miaka mingi ya kuchunguza ubongo, waliandika kwamba waliielewa kinyume: kulala chini mateso yakiwa marefu ndio ubongo hufanya wenyewe bila kufunzwa, kinachofunzwa ni kwamba kuna kitu naweza. Kwa mtu aliyechoka hii ni habari kubwa sana. Hujaharibika. Kuna somo moja ambalo hujapata, ama ulilipata na likafunikwa.

Na hilo somo linapatikana kwa vitu vidogo vya kweli. Langer na Judith Rodin mwaka wa 1976 walienda kwa nyumba ya wazee huko Connecticut, wazee wa kundi moja wakapewa mmea wautunze wenyewe na waamue mambo yao madogo, kundi lingine mmea ukatunzwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Kwa hivyo anza na kitu kinachojibu leo leo: sukuma kwa gunia mlangoni, mnyororo wa pikipiki usafishwe na upakwe oili, simu moja ambayo umeiogopa. Fanya, alafu andika ilitokea nini.

Ila nisieleweke vibaya. Mtu wa Nyando ambaye maji yameingia nyumbani, usimwendee na maneno ya kubadilisha mawazo. Mto unajazwa na mvua ya huko juu milimani, yeye hajakosea popote, na tuta la mto ni kazi ya serikali sio ya daftari. Kumwambia kila kitu kiko mkononi mwake ni kumuongezea mzigo juu ya maji. Kama huwezi kuamka, huli, ama unafikiria kujidhuru, hapo nenda kituo cha afya kwanza, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani leo.

Hatua ya 8: Gawanya, alafu funga na "ikifika"

Sasa rudi kwa jambo lako ulikate. Dereva wa boda: bei ya mafuta sio yake, EPRA, ile mamlaka ya serikali ya mafuta na umeme, inatangaza tarehe 14 kila mwezi na imekwisha. Lakini tarehe yenyewe anaijua, upepo wa tairi ni wake, steji na saa ya kuamka ni zake. Wateja ni nusu kwa nusu. Ile ya wengine kabisa piga mstari juu yake, usiifikirie mpaka mwezi ujao.

Kwa ile iliyo yako, usiandike nia tu. Peter Gollwitzer alionyesha, makala yake inayojulikana sana ni ya 1999, kwamba mpango wa "ikifika hivi, nafanya hivi" unashika kuliko nia tupu. "Nikishusha mteja wa mwisho usiku, naweka mia mbili kwa chama kabla ya kufungua programu yoyote ya simu." Saa iko, mahali papo, kitendo kiko.

Ukipata sifuri kwa vyumba vinne, na utapata, sifuri nyingine itakuuma kwa sababu hicho kitu umekifanya miaka. Rudia mara moja zaidi na sarafu, siku ishirini zingine. Ikitoka sifuri tena kiache, na ile saa na ile pesa kilikuwa kinakula ihamishie kwa kitendo kilichokupa namba. Na hali ikibadilika, umehama kutoka Kisumu kwenda Nakuru, ama umetoka samaki ukaenda mitumba, namba za zamani hazikuhusu tena, fungua ukurasa mpya uchore msalaba upya.